Kliniki ya sheria ya wakimbizi hapa Nairobi: nyota 4, na onyo kuhusu hadithi za saiba

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano wameikosa sababu ya ukuta, nitafika hapo.

Hii ni ofisi ya msaada wa sheria inayosaidia waomba hifadhi, bure kabisa, na mimi na mdogo wangu tumeenda pale mara sita tangu mwezi wa nne 2025. Jina siandiki na jengo siandiki. Madalali wakishajua jina la ofisi wanalitumia, wanasimama chini kwa ngazi wanakwambia mimi ni wa hapa leta elfu mbili nikupitishe, nimewaona kwa macho yangu. Ukitaka kufika uliza kiongozi wa jamii yako ama uliza kanisani, Wakongomani wa Kayole na Kitengela wengi wanaijua na watakupeleka bila kukudai hata mia.

Mimi ni fundi cherehani, natoka Bukavu, niko hapa tangu 2012. Ofisi hii iliwahi kunisaidia 2019 tarehe yangu ya kuzaliwa ilipoandikwa vibaya kwenye kadi, kwa hiyo nilikuwa nawajua. Safari hii nimepeleka mdogo wangu wa kike. Waasi wa M23 waliingia Goma mwisho wa Januari 2025, katikati ya Februari wakawa Bukavu, na yeye akatoka na watoto wawili, Uvira, wakavuka Burundi, wakapita Tanzania, wakaingia Namanga na basi la usiku. Alifika kwangu amevaa sendo ya rangi moja mguu huu na rangi nyingine mguu huu.

Kwanza mjue kwa nini mtu anahitaji wakili, sababu bado nasikia watu wanasema ukimbizi ni mambo ya UN, unaenda UNHCR unapewa mandeti, ile barua ya kukutambua, basi umemaliza. Hiyo ni zamani. Siku hizi serikali ya Kenya yenyewe ndiyo inasajili na ndiyo inaamua huyu ni mkimbizi huyu siye, na inatumia Sheria ya Wakimbizi ya 2021, ile Rais Uhuru Kenyatta alisaini tarehe 17 Novemba 2021 ikaanza kutumika Februari 2022 na kuondoa ya 2006, kisha kanuni zake zikatoka 2024. Mwaka ule inasainiwa tulikuwa laki tano na kitu nchi nzima, wakimbizi na waomba hifadhi pamoja. 2025 tumevuka laki nane. Sudan imewaka tangu Aprili 2023, Sudan Kusini haijatulia, Somalia watu bado wanatoka, na sisi Wakongomani ndio hivyo. Sheria ilibadilishwa, watu wakaongezeka, na mtu anayekaa mezani kusikiliza hao watu wote ni binadamu mmoja na kalamu yake.

Kwenye karatasi sheria ni nzuri, mimi nasema ukweli. Ukiingia Kenya unapewa siku 30 kwenda kujionyesha kwamba unaomba hifadhi, hata kama ulipita njia ya panya. Ombi lako linatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 90. Ukikataliwa una siku 30 za kukata rufaa kwenye kamati ya rufaa, na bado Mahakama Kuu iko nyuma yake. Na muda wote huo hakuna mtu wa kukurudisha ulikotoka kama kule maisha yako yako hatarini, hilo liko ndani ya sheria, si huruma ya mtu. Haya mambo yote nimeambiwa na yule wakili wa kliniki siku ya kwanza, akiandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi kubwa ukutani, 30, 90, 30, na kila mtu aliyekuwa kwenye benchi akatoa simu akapiga picha. Hiyo peke yake ni nyota moja. Kuna watu wamekaa Nairobi miaka minane hawajawahi kuambiwa hizo namba tatu.

Sasa huduma yenyewe. Tulifika saa moja na nusu asubuhi tukakuta watu kumi na moja mbele yetu. Soja wa pale ni mzee mmoja mpole, anagawa vibao vya plastiki vyenye namba, kama vile vya kuachia mzigo supamaketi, na akishagawa ishirini amefunga, ukija wa ishirini na moja anakwambia pole mama pole baba rudi kesho, na hata umpe nini hakubali, nimeona mtu anajaribu kumpa kitu kidogo akarudishiwa mkononi mbele ya watu wote. Mlango unafunguliwa saa mbili lakini kazi inaanza karibu saa tatu na nusu, hapo wajirekebishe. Maji ya kunywa yapo. Choo siku mbili kati ya sita kilikuwa kimefungwa, na ukiwa na watoto wadogo hilo si jambo dogo.

Tulipoitwa, wakili ni msichana Mkenya, kijana tu, anamwita kila mtu dada, kaka, mama, mzee kulingana na umri, haongei kwa haraka. Pembeni yake mkalimani, mama mmoja wa Uvira, mtu mzima. Wakili akauliza, dada una maelezo yoyote umeshaandika? Mdogo wangu akatoa karatasi tatu zimetaipiwa kwa Kingereza, zimewekwa kwenye plastiki, safi kabisa. Mimi sikuwa nazijua. Kumbe wiki ile ya kwanza nilipokuwa dukani kwangu jirani alimpeleka saiba fulani, duka la kompyuta na intaneti, ambapo kuna mtu anajiita mkalimani, anasikiliza hadithi yako kwa Kiswahili anaitaipu kwa Kingereza, shilingi elfu mbili. Hela ya kuuza ile simu aliyokuja nayo.

Wakili angeweza kuzichukua, kuziweka kwenye faili na kumwita anayefuata. Watu walikuwa wengi nje na asingelaumiwa na mtu. Badala yake akasema, tutazisoma zote, sentensi kwa sentensi, na dada akisikia neno si lake anyoshe mkono. Wakaanza. Yeye anasoma Kingereza, mama anageuza kwa Kiswahili cha kwetu. Ukurasa wa kwanza sawa. Ukurasa wa pili katikati, mama akasema:

"Hapa banaandika kama baliua mutumishi yenu ya nyumba."

Mdogo wangu akamwangalia. "Mutumishi gani, mama? Sisi hatukukuwa na mutumishi."

"Njo vile karatasi inasema."

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema polepole, "Baliua yaya. Nilisema baliua yaya yetu."

Kwa wasiotoka kwetu niwaeleze. Kongo yaya ni mkubwa wako, kaka ama dada aliyekutangulia kuzaliwa. Hapa Kenya yaya ni msichana wa kulea watoto. Yule mtu wa saiba alisikia yaya akaandika mfanyakazi wa nyumbani. Kaka yetu mkubwa, aliyetulea baada ya baba, aliyenilipia mimi nauli ya kuja huku 2012, akageuka kwenye karatasi kuwa mfanyakazi asiye na jina. Na mimi ananiita yaya kila siku ndani ya nyumba, yaya chakula kiko tayari, yaya simu yako inalia, na miaka kumi na tatu niko Nairobi najua kabisa Mkenya anaelewa nini akisikia hilo neno, nimelieleza dukani mara nyingi, lakini haikunipitia akilini kumwambia mdogo wangu. Mpaka leo naumia nikikumbuka.

Muone hatari yake. Siku ya intavyuu angekaa mbele ya ofisa, ofisa ana karatasi inayosema mfanyakazi aliuawa, yeye kwa mdomo anasema kaka yangu aliuawa. Ofisa hajui Kiswahili cha Bukavu, si kosa lake, anachoona ni mtu mmoja na hadithi mbili. Wakili alisema maombi mengi yanaangukia hapo, si kwamba mtu hana sababu ya kukimbia, ni kwamba maneno yake hayalingani, kwa hiyo haaminiki. Na ukishaandikwa haaminiki, kulifuta hilo neno kwenye rufaa ni kazi ya miezi.

Ukurasa wa tatu ndio ulikuwa mbaya zaidi. Yule mtu alikuwa ameongeza kwamba mdogo wangu alikuwa kiongozi wa vijana wa chama cha siasa. Hajawahi. Alikuwa anauza vitenge sokoni Kadutu. Wakili akamuuliza kwa upole, hii ilitoka wapi? Akasema mtu wa saiba alimwambia bila siasa hawakupi kitu, Wakongomani wote wanasema vita tu, wewe sema kitu kikubwa.

Hapa wakili alieleza jambo ambalo naomba kila mtu alisome mara mbili. Sheria ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni ule wa mkataba wa wakimbizi wa 1951, kwamba wewe mwenyewe unatafutwa sababu ya kabila lako, dini yako, uraia wako, kundi lako ama mawazo yako ya siasa. Mlango wa pili ulitoka kwa mkataba wa nchi za Afrika wa 1969, na Kenya imeuweka ndani ya sheria yake: kwamba ulilazimika kutoka kwenu sababu ya mashambulizi ya kutoka nje, ama nchi kukaliwa, ama mambo yaliyovuruga sana usalama kwenye sehemu ya nchi yenu ama nchi nzima. Haikudai uwe kiongozi wa chama. Haikudai wakutaje jina redioni. Muuza vitenge aliyetoka Bukavu Februari 2025 na watoto wawili anaingia kwenye huo mlango wa pili na ukweli wake mtupu, bila kuongezewa chumvi. Yule wa saiba alichukua mtu ambaye mlango uko wazi mbele yake akamwambia pitia dirishani, na akamlipisha elfu mbili kwa hiyo kazi.

Kwa hiyo kliniki ilichana ile hadithi (si kwa maana ya kuchana kwa mkono, waliiweka pembeni na kuandika kwa nini haifai, ili kusiwe na siri) na wakaanza upya. Ilichukua siku tatu tofauti. Maelezo mapya ni ukurasa mmoja na nusu tu. Yamesomwa tena kwa Kiswahili cha kwetu kuanzia juu mpaka chini, akaweka kidole na sahihi, na mama mkalimani naye akaandika jina lake kwamba yeye ndiye aliyetafsiri na kwa lugha gani. Nikauliza kwa nini yeye pia anasaini, wakanijibu ili kesho kukitokea neno kama yaya mtu ajue wa kuulizwa ni nani. Nilipenda sana hapo.

Sasa ukuta. Siku ya pili wakili aliniomba nitoke nje. Nilikasirika, nikasema mimi ndiye mkubwa wake, mimi ndiye niliyemleta, hapa Nairobi hana mwingine. Akasema kwa adabu, kaka, ni utaratibu, kila mwanamke anapewa nafasi ya kuongea bila ndugu. Nikatoka nikakaa kwenye benchi. Chumba chao kimegawanywa kwa mbao tu, zile nyembamba, haifiki hata juu kwenye dari. Nikaanza kusikia sauti yake. Maneno mawili matatu yakanifikia na nikaelewa kwamba kuna kitu kilitokea njiani ambacho hakuwahi kuniambia na alikuwa hataki nijue. Nikasimama nikashuka ngazi nikaenda mpaka barabarani kwenye makelele ya matatu nikasimama huko saa nzima, ili nisisikie.

Sijamuuliza na sitamuuliza. Lakini kwenye lile benchi walibaki watu wengine wanane. Wao hawakushuka.

Hii ndiyo nyota niliyoondoa na siirudishi mpaka warekebishe. Nimewaambia wenyewe, na yule wakili hakujitetea, alisema wanajua, kwamba ufadhili umepungua tangu Marekani isimamishe misaada yake mwanzo wa 2025 na walikuwa mawakili wanne sasa ni wawili, na ofisi waliyohamia ni hii ndogo. Naelewa kabisa. Lakini redio ya elfu moja mia tano ikiwekwa kwenye korido ikaimba tu, inatosha kufunika sauti ya mtu. Nilipeleka ya kwangu ya dukani mara ya nne tulipoenda. Mara ya tano niliikuta imezimwa kwa sababu betri ziliisha. Mara ya sita nilienda na betri.

Mambo mengine kwa haraka. Simu yao haishikwi. Usipoteze kredito, nenda mwenyewe ama tuma meseji, meseji wanajibu lakini baada ya siku mbili. Mkalimani wa Kiswahili cha Kongo yupo Jumanne na Alhamisi tu, siku nyingine watakupa Mkenya, na Mkenya anaongea Kiswahili kizuri lakini mmeona kilichotokea, kwa hiyo kama unatoka Kivu, Ituri ama Lubumbashi subiri Jumanne. Kinyarwanda na Kisomali walikuwepo siku zote nilizoenda. Wanakuambia wazi kwamba wao hawaamui na hawawezi kuharakisha, wala hawana mtu wao ndani, na mimi nawaamini zaidi kwa sababu hiyo. Mambo ya kwenda Marekani pia hawakudanganyi. Watu walimuuliza mbele yangu, akasema mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa kwa amri ya Januari 20, 2025, msiuze vitu vyenu mkingoja.

Kuna swali la Jumuiya ya Afrika Mashariki ambalo sisi Wakongomani tunabishana sana, sababu Kongo iliingia Jumuiya 2022. Ile sheria ya 2021 ina kipengele kwamba mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya anaweza kwa hiari yake kuacha ukimbizi na kuishi Kenya kama raia yeyote wa Jumuiya, na haki za kufanya kazi na kukaa zinazokuja na hilo. Rafiki zangu wawili walikuwa tayari kuchukua, walisema tumechoka na kuitwa wakimbizi. Wakili aliwauliza tu, pasipoti ya Kongo mtaitoa wapi, mtaenda ubalozi? Na siku Jumuiya ikileta vikwazo, ama mkikosa ada ya vibali, nani atawazuia msirudishwe? Ukimbizi una ule ulinzi wa kutorudishwa, ukiuacha umeuacha. Usiache mbachao kwa msala upitao. Hakuwakataza, alisema kwa mtu mwenye pasipoti na biashara iliyotulia na asiyeogopa serikali ya kwao inaweza kuwa njia nzuri, ila kwa mtu aliyetoka Februari na sendo za rangi mbili, hapana. Nilipenda kwamba aliwapa pande zote mbili halafu akawaacha waende wakafikirie.

Kuhusu kazi pia tulielezwa. Sheria inasema mkimbizi aliyetambuliwa ana haki ya kuajiriwa ama kufanya biashara yake ama taaluma yake, na kadi yake inatakiwa kuchukuliwa sawa na ile ya wageni wengine wanaoishi hapa. Kuna kibali cha kazi cha wakimbizi, daraja M, hakilipiwi. Mimi ninashona na kibali cha kaunti na nalipa kila mwaka. Lakini mwomba hifadhi ambaye bado hajaamuliwa anabaki katikati, hana la kumwonyesha mwajiri, ndiyo maana zile siku 90 kwetu si karatasi, ni kodi ya nyumba.

Na kukaa Nairobi kwenyewe si jambo la kuchukulia rahisi. Wakongwe mnakumbuka mwisho wa 2012 ilivyotangazwa wakimbizi wote wa mijini waende kambini, na 2013 Mahakama Kuu ikazuia, kesi iliyopelekwa na shirika la msaada wa sheria la Kituo cha Sheria pamoja na wakimbizi wenyewe. 2014 ikaja operesheni ya polisi ya Usalama Watch, watu maelfu wakawekwa uwanja wa Kasarani. Sheria mpya bado inampa waziri nafasi ya kutenga maeneo ya wakimbizi kukaa, ila sasa kuna ule mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 wa kugeuza Kakuma na Dadaab kutoka kambi ziwe miji ya kawaida ambamo mkimbizi na mwenyeji wanatumia shule moja na hospitali moja. Mimi nauombea mema. Kliniki wana kijikaratasi cha Kiswahili kuhusu huo mpango, kimeandikwa vizuri, chukueni.

Sasa niseme langu, kama mtu ambaye amekaa kwenye lile benchi mara sita akaangalia nyuso. Kila mtu anayeongea juu ya kurekebisha sheria ya hifadhi anasema maombi ni mengi, tuharakishe. Sawa. Lakini kuna njia ya kuharakisha ambayo haimuumizi mtu na tayari imo ndani ya sheria yenyewe: waziri anaweza kutangaza kwamba watu wa kundi fulani, kutoka mahali fulani, wanatambuliwa kwa pamoja, bila kila mmoja kuhojiwa peke yake. Kenya ilishawafanyia hivyo watu wa Sudan Kusini. Uganda wanawafanyia Wakongomani, binamu yangu yuko Nakivale na alitambuliwa pamoja na wenzake aliovuka nao mpaka. Watu wa Goma na Bukavu wa 2025, dunia nzima iliona kilichotokea. Wakitambuliwa kama kundi, zile meza za intavyuu zinabaki na nafasi kwa wale ambao kesi zao ni ngumu kweli na zinahitaji saa nne za kusikilizwa.

Na kwa wale watakaohojiwa, jambo moja tu, lile mdogo wangu alifanyiwa na kliniki: kabla hujasaini usomewe kilichoandikwa, kwa lugha ya nyumbani kwenu, na aliyetafsiri aandike jina lake. Inachukua dakika ishirini. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya uamuzi wa ofisi ulio wa haraka na wa haki vilevile, na sababu za maandishi akiumizwa na uamuzi huo. Haraka na haki vimewekwa kwenye sentensi moja. Wanaotunga kanuni zijazo waweke kusomewa kama sharti, isiwe bahati ya kukutana na wakili mwema. Ofisi moja ndogo ya mbao inaweza kufanya hivyo na mawakili wawili, kwa hiyo inawezekana.

Mkienda: fikeni kabla ya saa moja na nusu. Bebeni karatasi zote hata zile mnaona ni takataka, tiketi ya basi, cheti cha mtoto, kadi ya kliniki, ile tiketi ya Namanga ndiyo iliyotuonyesha tarehe aliyoingia na kwamba siku 30 hazijapita. Pigeni kopi tatu huko nje kwa shilingi kumi, pale ndani printa mara nyingi ni mbovu. Msiende na maelezo yaliyotaipiwa na mtu mwingine, na kama mnayo tayari semeni mapema, hawagombezi. Wanawake, mkitaka kuongea na wakili wa kike ombeni kwa soja wakati anawapa kibao, ataandika.

Intavyuu yake bado. Tuliambiwa tutapata meseji, na simu yake nimemnunulia nyingine, ndogo ya vitufe, hailalishwi mbali na kichwa. Ile nakala ya ukurasa mmoja na nusu ameiweka ndani ya Biblia ya kaka yetu, na juzi usiku nilimkuta jikoni anajifunza kuisema kwa Kiswahili cha huku, anarudia mstari mmoja, kaka yangu mkubwa, kaka yangu mkubwa, kisha akanisikia nyuma yake akageuka akasema yaya, umekula?